Godoro la Dakika Nne

Kitu kilichosimama dakika arobaini ndani ya mbuzi kumi na wawili, kilizamaje kwa dakika nne ndani ya binadamu mmoja?

Inspekta aliliandika swali hilo juu ya ukurasa mtupu wa daftari lake, akalipigia mstari, kisha akaacha nafasi ya jibu. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, na nafasi ile ilipaswa kujazwa kabla ya saa nane mchana. Saa nane mambo mawili yangetokea kwa pamoja. Muuguzi wa chumba cha endoskopi angetiwa pingu kwa kosa la kusababisha kifo, na mwanamke mmoja fundi wa kushona nguo, ambaye hakutia kitu mdomoni tangu jana jioni, angelazwa juu ya kitanda kilekile na kudungwa dawa ileile.

"Rudisha nyuma tena, Daktari," alisema.

Daktari alirudisha. Chumba kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kinanuka dawa ya kusafishia mirija. Kwenye skrini ulitandaa ukuta wa utumbo mpana, wa rangi ya waridi, unaong'aa kwa ute. Katikati yake kililala kinyama bapa, kipana kama sarafu, cha aina inayoweza kugeuka saratani kikiachwa. Ili kukitoa bila kupasua tumbo, daktari huingiza mrija wenye kamera, akapitisha ndani yake sindano ndefu nyembamba, akadunga kimiminika chini ya kinyama mpaka kikainuka kama lengelenge. Hapo hukinasa kwa kitanzi cha waya na kukikata kwa umeme. Lengelenge ndilo linaloutenga waya na ukuta wa utumbo, ambao unene wake ni milimita chache tu. Likinywea mapema, waya huuma na ukuta.

Kimiminika kilichotumika siku ile kilikuwa jeli mpya, iliyobuniwa katika maabara ya hospitali hiyohiyo kwa muda wa miaka minane. Katika makaratasi ilikuwa na jina refu lenye tarakimu. Katika korido kila mtu aliiita Godoro.

"Na huo mrija una urefu gani, Daktari?" aliuliza Koplo. Alikuwa mtu mzima, amebakiza miezi saba astaafu, na alikaa karibu na mlango mkono wake ukiwa juu ya tumbo. Zahanati ya polisi ilikwisha kumwandikia kipimo hichohicho mara mbili, na mara zote mbili karatasi ilipotelea mfukoni.

"Mita moja na nusu hivi."

"Mita moja na nusu! Iingie humu? Hapana, acha nizeeke na kiungulia changu."

Inspekta hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye sindano. Iliingia, kinyama kikainuka taratibu juu ya uvimbe wa buluu, maana jeli ilitiwa rangi ili ionekane. Sindano ikachomoka. Mahali ilipotokea pakachomoza tone jekundu, dogo kama kichwa cha pini.

"Hilo nini?"

"Damu. Ukichoma nyama hai, sindano hutoka na tone lake. Halina madhara." Kwenye skrini maji yalirushwa, tone likasafika.

Inspekta aliandika: *tone*. Alikuwa na desturi ya kuandika hata yasiyo na maana.

"Kwa kawaida unatumia nini?"

"Maji ya chumvi. Hunywea upesi, kwa hiyo huchoma upya kila baada ya dakika mbili tatu. Inachosha, lakini mkono umezoea. Godoro masharti yake ni mengine. Sindano moja, basi. Kuchoma tena kungeharibu hesabu za utafiti."

"Na hukuona linazama?"

Daktari alivua miwani, akaishika bila kuifuta. "Nilikuwa natazama kingo za kinyama. Nimeambiwa dakika arobaini, Inspekta. Ukiambiwa daraja lina nguzo, huvuki ukiwa umeinama kuzihesabu."

Saa iliyo pembeni ya picha ilionyesha dakika ya tatu. Nyuma ya milio ya mashine ilisikika sauti ya mwanamume, ya chini: "Daktari…" Kisha sauti ya Daktari mwenyewe: "Ngoja kwanza." Halafu kimya.

"Nani huyo?"

"Mpishi. Mkemia wetu, huyo anayeitengeneza jeli. Alikuja kuiangalia dawa yake ikifanya kazi. Baadaye alisema alitaka kuuliza kama taa iongezwe."

Dakika ya nne kitanzi kikakaza. Ukuta wa waridi ukafunguka tundu jeusi. Daktari akazima skrini kabla haijafika mbele zaidi. Mgonjwa, mwalimu mstaafu wa hesabu, alifariki siku ya tatu, na binti yake alifungua jalada kituoni siku ya nne.

*

Kwenye benchi la korido alikaa mwanamke mnene wa makamo, amekumbatia mkoba uliojaa mpaka zipu imegoma.

"Wewe ndiye mkubwa wao?" alimwuliza Inspekta, akimpima kwa macho juu hadi chini.

"Ndiye."

"Mimi dada yake huyu mliyemfungia humo ndani. Nimemfungashia shuka mbili, mswaki na sabuni. Mahabusu mnaruhusu sweta, au baridi nayo ni sehemu ya adhabu?"

"Hajakamatwa, dada."

"*Bado* hajakamatwa. Wewe mtu wa sheria, usinipunguzie maneno."

Koplo alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Inspekta alikubali kwa kichwa kwamba amesahihishwa, akafungua mlango wa stoo ya mashuka.

Muuguzi, ambaye wodi nzima ilimwita Sista bila kuongeza jina, alikuwa amekaa juu ya furushi la mashuka safi. Alisimama. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini sare yake ilikuwa imepigwa pasi.

"Kaa, Sista." Inspekta alimnyoshea karatasi ya maelezo. "Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"'Nilitumia maji ya chumvi kabla ya jeli. Kosa ni langu.' Nani alikuambia uandike hivi?"

"Profesa, mkuu wa utafiti, aliniuliza kama nilitumia maji ya chumvi siku ile. Nikasema ndiyo. Akasema basi andika."

"Uliyatumia wapi?"

"Kusuuza mrija wa sindano. Ni mrefu, Afande, na ni mwembamba kama uzi. Ukiwa mkavu jeli hugandia humo, husukumi hata ufanyeje. Kwa hiyo hupitisha maji kidogo kwanza, yanatokea upande wa pili kwenye kibakuli, ndipo nafunga sirinji ya Godoro. Ndivyo tulivyofundishana sote."

"Maji hayo yanamfikia mgonjwa?"

"Yale yaliyobaki ndani ya mrija, ndiyo. Hayafiki mililita moja."

"Ulitia maji ndani ya sirinji yenyewe, ukaichanganya jeli?"

"Hapana."

"Kwa nini basi uliandika kwamba kosa ni lako?"

Sista alitazama mikono yake. "Kwa sababu wenzangu wote wana uhakika. Daktari ana uhakika na mkono wake. Mpishi ana uhakika na jeli yake. Profesa ana uhakika na kila kitu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najiuliza. Nikaona pengine anayejiuliza ndiye mwenye hatia."

Inspekta alimgeukia Koplo. Koplo alitoa kwenye mkoba wa vielelezo mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe wenye tarehe na sahihi mbili. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha maji ya chumvi cha mililita kumi, kilichookotwa na uongozi wa hospitali kwenye ndoo ya taka siku ya tukio na kuzibwa mdomo palepale. Walikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Soma."

"Nane na nusu, Afande. Yaliyotumika ni moja na nusu."

"Ili kuiharibu jeli ya mililita tano angehitaji mengi zaidi ya hayo."

"Profesa atasema alikuwa na kichupa kingine."

"Atasema hivyo, ndiyo. Kwa hiyo kichupa hakitoshi. Twende tukaiulize jeli yenyewe."

*

Maabara ilikuwa ghorofa ya tatu. Mpishi aliwapokea akiwa na mwiko mkononi, na hapo jina lake likajieleza: juu ya jiko la umeme palikuwa na sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu, ndani yake jeli ya buluu ikizunguka polepole. Alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, na shati lake lilikuwa na madoa ya buluu kwenye mikono yote miwili.

"Karibuni. Msiogope harufu, ni tumbo la mbuzi." Alionyesha beseni la maji ya moto ambamo kipande cha tumbo kilikuwa kimebanwa kwa pini juu ya ubao. "Nyuzijoto thelathini na saba. Sawasawa na mwili. Unataka kujaribu mwenyewe, Inspekta?"

Inspekta alivaa glovu. Sirinji ilikuwa nzito kuisukuma, kidole gumba kikamuuma kabla kitu chochote hakijatoka. Kisha nyama ikainuka, duara safi la buluu, likasimama. Alichomoa sindano, akabofya saa yake.

"Utasubiri sana," alisema Mpishi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ni godoro la kulala usingizi mzito."

"Nitasubiri. Wakati huo nieleze unajuaje kwamba kila sufuria imepikika sawa."

Swali hilo lilimfurahisha. Alileta kioo kilichoegemezwa kwa mshazari juu ya kitalu cha mbao, chenye mistari miwili iliyochorwa kwa wino. Alidondosha tone la jeli kwenye mstari wa juu. Tone lilianza kuteleza kivivu.

"Mashine ya kupima uzito wa jeli ipo, lakini mimi naamini kioo changu. Kutoka mstari huu hadi huu ni sekunde kumi na tisa. Ikiwa kumi na nane, naimwaga. Ikitiwa maji hata kidogo, hukimbia kwa sekunde nane au tisa."

"Kila sufuria?"

"Kila sufuria. Miaka minane."

"Vizuri," alisema Inspekta. "Koplo, lete ile sirinji."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Koplo alifungua mfuko wa pili wa vielelezo, akatoa sirinji iliyotumika siku ya tukio. Chini yake ilibaki nusu mililita ya buluu, imezibwa.

"Haiwezekani kuwa na maana," alisema Mpishi. "Imekaa siku nyingi. Imepata joto."

"Ulipotukaribisha ulikuwa unaichemsha."

Koplo alishika simu yake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba yai. Tone likadondoshwa kwenye mstari wa juu. Wote watatu waliinama kulitazama likishuka mpaka lilipogusa mstari wa chini.

"Kumi na tisa," alisema Koplo. Aliitazama simu tena. "Kumi na tisa kamili."

Kwa hiyo jeli haikutiwa maji. Inspekta alichora mstari juu ya jina la Sista katika daftari lake, lakini hakuona furaha yoyote. Jeli ilikuwa njema, muuguzi alikuwa mkweli, mkono wa daktari haukutetereka, na bado mwalimu wa hesabu alikuwa kaburini. Swali lilizidi kuwa gumu.

"Naomba kuona majaribio ya wanyama."

Mpishi alileta albamu nene. Mbuzi kumi na wawili, kila mmoja na ukurasa wake, picha zimebandikwa kwa dakika.

"Hawa wote walikuwa hai?"

"Hai. Wamelala kwa dawa ya usingizi, mashine ikiwapumulia. Ndivyo kanuni inavyotaka kabla ya kugusa binadamu."

Inspekta aliomba lenzi ya kukuzia. Alifungua ukurasa kwa ukurasa, polepole, mpaka Koplo akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Kisha aliinua macho, akalitazama beseni. Lengelenge alilolidunga yeye mwenyewe lilikuwa limesimama vilevile, dakika ya thelathini na sita, na tundu la sindano juu yake lilikuwa safi, jeupe, kavu.

"Mbuzi wa kwanza na wa pili," alisema, "picha zao zinaishia dakika ya tano. Wengine wanafika arobaini. Kwa nini?"

"Betri ya kamera."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Betri zako hazina huruma." Alifunga albamu. "Naichukua. Koplo, mwandikie stakabadhi."

Kwenye ngazi, Koplo alishuka hatua tatu kabla ya kuuliza. "Afande, umeona nini? Mimi nimeona matumbo tu."

"Ulipopimwa malaria mara ya mwisho, walikuchoma kidole. Kikatoa nini?"

"Damu. Na mimi nikatoa ukelele."

"Na nyama ya buchani ukiichoma sindano?"

"Nyama ya buchani itatoa damu ya wapi, Afande? Si imesha…" Koplo alisimama katikati ya ngazi, mkono umeganda kwenye reli.

"Mbuzi wawili wa kwanza wana tone," alisema Inspekta. "Jekundu, kama la mwalimu. Wengine kumi hawana hata moja. Tundu safi, kama lile la kwenye beseni."

"Basi hao kumi…"

"Sijui bado. Picha inaweza kuwa imesafishwa kwa maji, kama alivyofanya Daktari. Nani anawatunza hao mbuzi?"

*

Mabanda yalikuwa nyuma ya jengo la kufulia, na mtunzaji wake alijulikana kama Mzee wa Zizi. Alikuwa anamkwangua mbuzi kwato. Hakuinuka, ila alisogeza kigoda kwa mguu ili mgeni akae.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Polisi? Hawa hawajaiba kitu, ila huyu mweupe, huyu ana tabia."

"Nina swali kuhusu mashine ya usingizi."

Mzee wa Zizi alielekeza kisu chake pembeni. Kwenye kona ya banda ilisimama mashine ya kupumulia, imefunikwa gunia, na juu ya gunia kuku alikuwa amejitengenezea kiota.

"Iliharibika mwezi wa tatu. Fundi alikuja, akaizunguka mara mbili, akaniambia pole kama vile nimefiwa, akaenda zake. Tangu hapo ni mali ya kuku."

"Mwezi wa tatu mbuzi wangapi walikuwa wamekwisha kujaribiwa?"

"Wawili."

"Na wale kumi?"

"Wale nilichinja mwenyewe, asubuhi asubuhi. Mpishi alikuwa anakuja na beseni lake la maji ya moto, anachukua tumbo likiwa bado linafuka mvuke, anapanda nalo juu." Aliuachia ukwato. "Kwani kuna ubaya? Nyama yenyewe tuligawana vizuri."

"Una maandishi yoyote?"

Alipangusa mikono, akaingia kibandani, akarudi na daftari la shule lililokunjika pembe. "Mnyama anayelazwa usingizi hafai kula tangu jioni, atajitapikia na kupaliwa. Kwa hiyo huandika. Tazama: huyu 'amefunga'. Huyu 'amefunga'. Hawa wengine wote 'amekula', 'amekula', 'amekula'. Anayekwenda kuchinjwa namfungishia nini, maskini? Mwache ashibe."

Inspekta alihesabu. Wawili na kumi. Tarehe zililingana na za albamu, moja baada ya nyingine.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Profesa hufika hapa mara moja kwa mwaka, na siku hiyo huwa ameziba pua." Alimtazama mbuzi, si Inspekta. "Wale wawili wa kwanza nilikuwepo. Lengelenge lilikuwa linashuka tunaliona kwa macho. Mpishi akanishika bega, akasema, 'Mzee, sufuria hii imeharibika, nitapika nyingine.' Alikuwa na huzuni kweli. Nikamhurumia."

Inspekta alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa kwanza. Nafasi aliyoiacha chini ya swali ilikuwa ndogo, lakini jibu lilienea.

*

Saa saba na nusu walikusanyika katika ofisi ya Profesa. Profesa alikaa nyuma ya meza. Daktari na Mpishi walikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa binti wa marehemu, amevaa nyeusi, wima kama mtu aliyeapa kutoegemea kitu. Sista alikuwa karibu na mlango pamoja na dada yake, ambaye hakualikwa na ambaye hakuna aliyethubutu kumtoa. Mkoba ulikuwa magotini mwake.

"Tuifanye fupi," alisema Profesa. "Tuna maelezo yenye sahihi, na mgonjwa anasubiri wodini. Inspekta, ukithibitisha kosa la muuguzi, kamati itaruhusu kazi iendelee saa nane. Kuna maelfu wanaoihitaji dawa hii."

"Hilo silibishi," alisema Inspekta. "Muuguzi alitumia mililita moja na nusu kusuuza mrija, kama mlivyomfundisha. Jeli haikuguswa. Kioo cha Mpishi mwenyewe kimesema hivyo, sekunde kumi na tisa."

Profesa alimgeukia Mpishi. Mpishi alikuwa anatazama doa la buluu kwenye mkono wa shati lake.

Inspekta aliweka mezani vitu viwili, albamu ya picha na daftari la zizi, akavifungua kwa pamoja.

"Kanuni iliwataka wanyama kumi na wawili walio hai. Hapa wapo wawili. Sindano ilipotoka, kila mmoja alitoa tone la damu, kama alivyotoa marehemu, na picha zao zinakoma dakika ya tano. Hawa kumi hawana damu kwa sababu walikwisha kuchinjwa. Damu inayotoa lile tone ndiyo inayozunguka, na ndiyo inayoyanyonya majimaji ya jeli na kuondoka nayo. Ndani ya nyama iliyokufa hakuna wa kuyanyonya. Godoro litasimama dakika arobaini. Pengine litasimama mpaka kesho."

"Nilitia joto la mwili," alisema Mpishi. Sauti yake ilikuwa kavu. "Thelathini na saba. Sikupunguza hata nyuzi moja."

"Joto ulilitia."

"Mashine ilikufa. Maombi ya kibali cha kujaribu kwa binadamu yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi, na Profesa alikuwa ananidai picha kila siku. Nilijua tatizo liko wapi. Nilijua. Nilihitaji sufuria mbili tatu tu kulirekebisha, na kibali huchukua mwaka. Nilihesabu kwamba nitakuwa nimemaliza kabla halijamfikia mtu. Kibali kikaja baada ya wiki sita."

Daktari alimgeukia, na hakupaza sauti.

"Siku ile ulisimama nyuma yangu. Dakika ya tatu uliniita."

"Nilikuita."

"Hukutaka kuuliza habari ya taa."

"Hapana."

"Nikakuambia ngoja. Kwa nini ulingoja?"

"Nilikuwa natazama saa," alisema Mpishi. "Nilikuwa naomba Mungu Godoro lifike dakika ya tano, kama kwa wale mbuzi wawili. Ningekuita tena dakika ya tano."

Binti wa marehemu alikuwa hajageuza shingo tangu aingie. Sasa aligeuka, akamtazama Mpishi. "Baba alikuwa na mazoea ya kuuliza," alisema. "Hata siku ile alimwuliza Profesa: wangapi? Akajibiwa kumi na wawili. Akasema idadi nzuri, inagawanyika kwa nyingi."

Profesa aliinuka. "Inspekta, jambo hili ni zito. Napendekeza tulizungumze kwanza sisi wenyewe, kwa utulivu. Ukilitangaza leo, miaka minane inakwenda na maji, na siku moja dawa hii ingeokoa—"

"Siku hiyo ikifika, itawakuta na mbuzi kumi na wawili walio hai," alisema Inspekta. Alitazama saa ya ukutani. Dakika kumi kabla ya saa nane. Alifunga albamu, akaikabidhi kwa Koplo pamoja na daftari la zizi, na kuzungumza na chumba kizima kwa sauti ileile aliyoitumia kuomba lenzi.

"Sista hakamatwi, wala hatashtakiwa. Maelezo uliyoyaandika nitayaambatanisha na mengine mapya, uyaandike wewe mwenyewe, bila mtu wa kukusimamia. Mpishi, utakuja nami kituoni sasa hivi. Pingu sitakufunga, lakini utakuja. Profesa, sahihi yako iko chini ya ripoti inayosema wanyama kumi na wawili. Kesho saa tatu asubuhi utaniandikia ni wangapi kati yao ulikwenda kuwaona kwa macho yako. Jeli yote iliyomo katika jengo hili, pamoja na iliyo jikoni, inawekwa lakiri, na hakuna tone litakaloingia kwa binadamu mpaka sheria iseme vingine."

Dada alikuwa wa kwanza kusogea. Alifungua zipu iliyogoma, akatoa sweta, akamtupia mdogo wake begani bila kumtazama. "Vaa. Humu ndani nako kuna baridi."

"Daktari," alisema Inspekta, "yule fundi wa nguo. Kinyama chake kinaweza kusubiri?"

"Wiki moja, mbili. Nitakitoa kwa maji ya chumvi." Daktari aliinuka. "Nitachoma kila baada ya dakika mbili."

"Basi mtu ashuke wodini akamwambie kwamba leo hapasuliwi wala hadungwi kitu. Na apelekewe chakula, amefunga tangu jana."